Niliahidi kumuuzia mzee wa jumuiya shamba langu, sasa bei imepanda na mume wangu kamdanganya. Nifanyeje?

Bwana Yesu asifiwe mshauri. Mimi ni mama wa miaka 41, nipo Dodoma pembezoni kidogo mwa mji upande wa kwenda Morogoro, nimeolewa na tuna watoto watatu. Naomba usiweke jina langu maana watu wa kanisani kwetu wanasoma sana safu hii.

Iko hivi. Marehemu baba alitugawia mashamba mwenyewe akiwa hai, kila mtoto kipande chake mbele ya ukoo na mwenyekiti, kwahiyo hakuna mgogoro hapo. Mimi nilipata ekari moja na nusu. Sikuwa nalima maana nina genge langu la mbogamboga na mguu unanisumbua, ndio kuna mzee mmoja wa jumuiya yetu alikuwa anakodi pale analima. Mwaka juzi akaniomba nimuuzie kabisa. Tukakubaliana milioni 8, atalipa kidogo kidogo kadri anavyovuna, nikamwambia baba chukua tu usiwe na presha, shamba ni lako. Hayo maneno nimeyasema kwa mdomo wangu mshauri, siwezi kukataa. Kwa mwenyekiti hatukwenda, nilisema ya nini, sisi si wapendwa, tukapiga magoti palepale shambani mzee akaomba tukaachana.

Akauza ng'ombe wawili akaniletea milioni 1 na laki 8. Baadae akaleta laki 7 ya alizeti, halafu laki 5 ya zabibu, jumla milioni 3. Kila akileta naandika kwenye daftari langu la genge naweka tarehe, anasaini na mimi nasaini. Tulisema amalize baada ya mavuno ya mwaka jana, hakumaliza, mvua ilikuwa shida akaja kuniomba radhi nikamwambia hamna shida baba. Ile laki 5 ya zabibu aliileta baada ya hapo. Na ameshachimbia nguzo za mizabibu pale na kupanda miembe.

Sasa mwaka huu kaja dalali na mtu wa Dar anataka eneo lote lile ajenge, kipande changu peke yake anatoa milioni 30. Mshauri milioni 30! Sijawahi kushika hata milioni 5 kwa pamoja. Na shida tunazo, baba watoto alikopa kausha damu akanunua bodaboda, bodaboda ikapata ajali, deni linazaa kila wiki, wameshakuja kubeba friji na TV watoto wanaangalia. Binti yetu mkubwa kapata nafasi chuo cha uuguzi, ada hatuna. Baba watoto anasema huu ni mlango Mungu kaufungua, kwamba tukipata tutatoa fungu la kumi milioni 3 nzima, mzee tutamrudishia hela yake yote hatujamdhulumu hata mia. Kuna mtoto wa dada yake anasoma sheria, kasema bila maandishi hakuna mkataba, mzee hana pa kwenda.

Ila kilichoniumiza ni hiki. Bila kuniambia baba watoto alienda jioni kwa mzee akamwambia kaka zangu wamekataa shamba lisiuzwe, kwahiyo tutamrudishia hela. Kaka zangu hawajui chochote! Mzee wala hakugomba. Alhamisi kwenye jumuiya, wakati wa mahitaji ya maombi, akasimama akasema tuwaombee kaka zake na dada yetu Mungu alainishe mioyo yao, watu wakaomba, wakawataja majina, mmoja yupo Mwanza huko hana habari, na mimi nimekaa pale nikasema Amina.

Tangu siku hiyo sina raha. Baba watoto ameshapokea advansi ya laki 5 kwa dalali. Mshauri naomba kujua, kwani niliapa? Sikushika Biblia, nilisema tu. Na mzee si ndio alichelewa kulipa, aliyevunja ahadi wa kwanza si yeye? Na nikimkatalia mume wangu ndoa itakuwaje? Naogopa Mungu lakini naogopa na wale vijana wa kausha damu. Nisaidie.

Mama wa genge, Dodoma


MSHAURI ANAJIBU

Bwana Yesu asifiwe mama, na pole. Pole ya kweli, maana umebanwa pande zote na hakuna upande hata mmoja ambao ni wa mchezo. Deni la kausha damu siyo la mchezo, ada ya mtoto siyo ya mchezo, na mzee wa watu aliyeuza ng'ombe wake naye siyo wa mchezo.

Kama nimekuelewa vizuri kuna mambo mawili hapa yamefungwa kwenye fundo moja. Kuna neno ulilompa mzee kuhusu shamba, halafu kuna uongo uliopelekwa kwake. Wewe umeniuliza zaidi kuhusu lile la kwanza, ila nahisi linalokunyima raha ni la pili, ile Amina. Nataka tuyatenganishe kwasababu hayana uzito sawa na wala hayatatuliwi kwa njia moja, na ukiyaacha pamoja utabaki unapiga hesabu ya milioni 30 kwa milioni 8 mpaka kesho, wakati kuna kitu kingine kabisa kinakudai.

Tuanze na maswali yako. Kwani uliapa? Hapana, hukuapa. Lakini swali hilo ndilo watu walikuwa wanalizungusha hata kipindi cha Yesu, kwamba kiapo cha hekalu hakimfungi mtu ila cha dhahabu ya hekalu kinamfunga, cha madhabahu hapana ila cha sadaka iliyo juu yake ndiyo, yaani walikuwa na madaraja ya ahadi. Yeye akasema maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo. Mimi navyomwelewa ni kwamba kwa mtu wake, kusema tu kunatosha, hakuna neno la daraja la pili ambalo unaweza kulirudisha dukani. Na wewe uliposema twende kwa mwenyekiti ya nini sisi si wapendwa, si ulimaanisha hichohicho, kwamba kati yenu maneno yanatosha? Sasa ni vigumu kidogo undugu wa imani uwe sababu ya kutoandikishana, halafu kutoandikishana kuwe sababu ya kumtoa mzee shambani. Sikulaumu, naliweka tu hapo uliangalie.

Kuhusu huyo kijana wa sheria, hajakosea sana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi na yasainiwe ndipo mahakama iyatekeleze. Ila mama, hilo daftari la genge lenye tarehe, kiasi, na saini zenu wote wawili, huyo kijana ameliona? Mimi siyo wakili, lakini mwanasheria aliyeiva anaweza kuliangalia kwa jicho lingine kabisa, kwahiyo msiende kwa uhakika kwamba mzee hana pa kwenda. Tafuteni msaada wa kisheria, kuna mashirika wanatoa bure, waambieni yote mpaka la daftari. Na hata kama sheria itakupa njia ya kutokea, hapo utakuwa umejibiwa swali la mahakama tu, na wewe hukuniandikia mimi kwasababu unaogopa mahakama.

La mzee kuchelewa. Ni kweli alichelewa, na kama siku ile ungemwambia baba muda umeisha sitaweza tena, tungekuwa tunaongea mengine. Ulimwambia hamna shida. Halafu baada ya hapo ukapokea laki 5 ukaiandika. Jiulize mwenyewe, ungekuwa wewe ndio unanunua ukaambiwa hamna shida na hela yako ikapokelewa, ungeenda kulala ukijua umevunja ahadi au ukijua bado mpo pamoja?

Kuna kitu baba watoto amesema kinaniwia vigumu, hili la kwamba mkimrudishia milioni 3 hamjamdhulumu hata mia. Kwenye makaratasi ni sawa. Lakini ile siyo milioni 3, ni ng'ombe wawili wa mwaka juzi na misimu ya alizeti na zabibu na nguzo alizochimbia na mikono yake, na hiyo hela leo hapo mlipo haimpi tena shamba. Wewe unaijua Dodoma, tangu serikali ianze kuhamia huko kweli kweli, na mji ukatangazwa kuwa jiji 2018, ardhi ya huko siyo ya kusubiri. Mzee alisubiri kwasababu ulimwambia shamba ni lako. Kama ungemkatalia mwaka juzi pengine angepata kwingine kwa bei ile. Hiyo ndiyo hasara ambayo neno lako lilimbebesha, na haionekani kwenye daftari.

Sasa usidhani nakusukuma. Kuna Zaburi ya 15 inauliza nani atakaa katika hema ya Bwana, na mmoja wapo ni yule ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake". Wahubiri wengi wangekusomea huo mstari wakafunga Biblia. Mimi nakuomba tusifunge haraka, kwasababu Biblia hiyohiyo ina Yeftha kwenye Waamuzi 11 aliyeshikilia nadhiri yake mpaka ikamfikia binti yake wa pekee, na ina Herode aliyeona aibu kuvunja kiapo mbele ya wageni akatoa kichwa cha Yohana. Kwahiyo kushika neno siyo kitu kinachosimama peke yake juu ya watu. Ndio maana nakuuliza, katika hali yako, nani ataumia kweli ukishika neno lako? Jitenganishie hasara na faida iliyokupita. Hizo milioni 22 za juu hujawahi kuwa nazo, mwaka juzi milioni 8 ilikuwa bei nzuri na ulifurahi. Ila hao vijana wanaobeba friji ni hasara ya kweli na wanakula nyumba yako sasa hivi. Mimi naona shida zako zinastahili kutafutiwa dawa zao zenyewe, na sidhani kama mlijaribu zote kabla shamba halijaonekana kuwa ndiyo dawa ya kila kitu.

Mfano huyo mkopeshaji, ana leseni? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka wakopeshaji wawe na leseni, na wengi wa hawa wa kausha damu hawana, wanaishi kwa vitisho. Nendeni mkaulize ofisi ya maendeleo ya jamii au polisi kuhusu hivyo vitu walivyobeba. Binti naye, Bodi ya Mikopo tangu 2023 walianza kukopesha na wanafunzi wa stashahada kwa baadhi ya fani zikiwemo za afya, aulizie mapema kama kozi yake na chuo chake vimo. Sisemi hivi vitafikia milioni 30. Nasema ukipunguza moto mmoja mmoja utaweza kufikiri kuhusu mzee bila mtu kugonga mlango.

Halafu hili la mlango aliofungua Mungu. Inawezekana, nani ajuaye. Lakini mlango ambao ili upite lazima kaka zako wasingiziwe, mimi ningeusogelea taratibu. Na hiyo fungu la kumi ya milioni 3, dah, nimeisoma nikanyamaza kidogo. Yesu alisema ukiwa unaleta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale mbele ya madhabahu uende kwanza upatane naye. Na tena mmepanga ilingane shilingi kwa shilingi na hela ya mzee! Sijui kama baba watoto aliona hivyo.

Sasa njia. Kwa uongo, mimi naiona njia moja tu ila namna ya kuipita ni nyingi. Mzee anahitaji kujua kwamba kaka zako hawajakataa. Hiyo haikugharimu shilingi na haitegemei kama shamba litauzwa kwa nani, unaweza kumwambia ukweli leo na la shamba mkaendelea kuliongea mwezi mzima. Hatari yake ipo kwa baba watoto, ukienda peke yako ukasema mume wangu alikudanganya, umemvua nguo mbele ya jumuiya nzima na hiyo aibu italala nyumbani kwako. Kwahiyo anza naye. Chagua saa ambayo hana presha, umwambie umeshindwa kusema Amina nyingine kama ile. Usianze na Biblia, anza na wewe ulivyo. Huenda naye hana raha, mwanaume anayebebewa friji mbele ya watoto wake anaweza kufanya vitu ambavyo siyo yeye. Akikubali mwende wote, vizuri. Akikataa kabisa, unaweza kumwambia mzee kwa ufupi tu kwamba zile habari za kaka zangu hazikuwa sahihi, shida ipo kwetu, nipe muda nije tuongee. Hapo hujamtaja mtu na hujadanganya. Jumuiya siyo lazima waelezwe kila kitu, ila maombi ya kaka zako yasiendelee, mwambie mzee hivyo.

Wale wazee wa uamsho, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 ukashuka mpaka huku kwetu, walikuwa na hii desturi, mtu anaokoka Jumapili Jumatatu anarudisha jembe aliloiba kwa jirani na kusema mbele yake. Walikuwa wakali kupita kiasi mara nyingine, nakubali, kuna ndoa ziliyumba kwa kukiri hadharani mambo ambayo yangeongelewa sebuleni. Ndio maana nakwambia sebuleni.

Kwa ahadi yenyewe, wahenga walisema ahadi ni deni, ila deni huwa linaongeleka na mwenye kudai. Mithali 6 inamwambia aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake aende akanyenyekee kwa mwenzake amsihi, asilale mpaka ajiokoe. Na Paulo mwenyewe aliwahi kubadili safari ya kwenda Korintho, watu wakasema huyu ndiyo yake ni siyo, akawaandikia akawaeleza wazi kwanini. Kwahiyo kwenda kwa mzee ukamwambia baba nilikupa neno, leo kimetokea hiki, nyumbani hali ni hii, mimi sijui nifanye nini, kwangu huko siyo kuvunja neno. Mnaweza mkatoka na kitu ambacho hakuna kati yenu angekifikiria peke yake, labda akubali kugawana, achukue robo tatu ya ekari yenye mizabibu kwa bei yenu ileile na nyingine uuze, labda akuongeze kidogo, labda aseme uuze yote ila umtafutie kipande kama kile mbele zaidi kwa hela inayozidi. Huyo mtu wa Dar anaweza asitake nusu, hilo nalo lijue.

Lakini kuna hatari moja hapa sijaona watu wakiiongelea. Mzee huyu hakugomba alipoambiwa uongo, aliomba tu. Mtu wa namna hiyo ukimwendea na machozi na habari za ada atasema chukua mwanangu, hata kama ndani anaumia, maana ni mzee, ni wa kanisani, na hana wakili. Je hiyo ndiyo kakuachia kwa hiari? Mimi ningeomba awe na mtu wake pale, mwanae au mzee mwenzake wa kanisa anayemwamini, na apewe siku kadhaa kabla ya kujibu, na umwambie bei kamili ya milioni 30 usimfiche, ajue anachoachia. Na ujiandae kwamba anaweza kusema hapana binti yangu, naomba shamba langu. Kama huwezi kulipokea hilo jibu, basi hujaenda kumwomba, umeenda kumtaarifu.

Kuhusu ndoa siwezi kukuahidi. Kuna wanaume wangekasirika miezi, na kuna ambao wangekuheshimu zaidi, na wewe ndiye unayemjua wako. Kama mchungaji wenu ni mtu anayetunza siri mnaweza kukaa naye nyie wawili kabla ya kwenda kwa mzee, ila awe msikilizaji na siyo hakimu. Ukiona baba watoto anakuja juu mpaka unaogopa, toka hapo kwanza, uniandikie.

Hiyo laki 5 ya dalali mwombe aiweke pembeni isiguswe mpaka mzee ajue ukweli, kwasababu ile nayo ni neno mmempa mtu mwingine. Kama imeshaenda kwa kausha damu niambie, tutaanzia hapo.